Kuku wa Kurudi

Niliamua kwenda Lisbon kula samaki, kutembea mitaani, kuangalia angalia, na kurudi nyumbani. Basi. Hakuna mtu aliyenialika, sikuwa na mkutano, sikuwa nimepata masomo, wala sikuwa mgonjwa wa kutafuta daktari wa ng'ambo. Ndiyo maana hakuna aliyenielewa. Katika mji wetu wa Kitengela miaka hiyo, mtu alikwenda Ulaya kusoma au kutafuta maisha, na yote mawili mwisho wake ulikuwa kutoonekana tena. Ukisema unaenda kula chakula cha jioni kisha unarudi kusahihisha mitihani, watu walikutazama kwa huruma, wakauliza kama unalala vizuri siku hizi.

Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini Kajiado. Kila mwaka nilifundisha kidato cha kwanza kuja kwa Wareno pwani yetu: sababu za kuja kwao, sababu za kushinda kwao, sababu za kushindwa kwao. Mambo hayo ningeweza kuyafundisha nikiwa nimelala, na kuna vipindi vya baada ya chakula cha mchana ambavyo nadhani nilifanya hivyo. Siku moja msichana wa dawati la nyuma akainua mkono akauliza, "Mwalimu, hao watu kwao kulikuwa namna gani mpaka wakapaacha?" Nikamweleza habari za viungo na dhahabu na njia ya kwenda Bara Hindi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hapana, Mwalimu. Nauliza kwao. Hula nini?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nawasema watu hawa na sikujua hata wanakula nini. Jambo hilo liliniudhi, na mimi nikishaudhika huwa situlii.

Jioni nikamwambia mume wangu. Yeye alikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja huko Athi River, mtu wa maneno machache anayekunja shati lake kabla ya kulitia kwenye kikapu cha nguo chafu. Hatukuwahi kwenda fungate. Tulioana Jumamosi, naye Jumatatu akarudi kazini, na kila mara tukipanga kusafiri kidogo, kitu fulani kilihitaji kuezekwa. Sasa nyumba ilikuwa imeisha na watoto walikuwa shule za bweni. Akapuliza chai yake akasema, "Wao walikaa kwetu karibu miaka mia mbili. Sisi tutakaa kwao ngapi?"

"Siku tano," nikasema.

"Hiyo ni sawa."

Kilichobaki kilikuwa mama.

Tulinunua ploti Kitengela mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati pundamilia bado walikatiza nyuma ya nyumba na mwenye kuuza alikuonyesha mipaka kwa kunyosha kidole tu. Baba alipofariki, tulimleta mama kutoka magharibi tukamjengea nyumba ndogo kwenye pembe ya ploti, mlango wake ukitazama upande mwingine kabisa. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, hampi mkono, wala hakai naye mezani. Kila asubuhi mume wangu alisimama karibu na tangi la maji, mama akasimama mlangoni pake, wakasalimiana huku wote wawili wakitazama kuku. Waliheshimiana sana kwa njia hiyo. Kuku walikuwa wa mama, uzao wa wale aliokuja nao kwenye katoni kutoka nyumbani.

Sisi tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa. Katikati ya miaka ya tisini kaka alipata kozi ya miezi mitatu Ulaya, na tiketi ya kwenda na kurudi. Mama alichinja jogoo mkubwa kuliko wote. Siku hiyo baba alimwachia kaka firigisi, ile tunayoiita imondo, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Kijiji kizima kilikodi basi kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akina mama wakaimba mpaka sauti zikakauka. Miezi mitatu ikawa mwaka. Mwaka ukawa simu ya Krismasi, halafu simu ya Krismasi nayo ikawa inaruka miaka mingine. Hakuwa amekufa wala hakuwa amefungwa. Alikuwa tu hajarudi.

Tangu hapo, kila kuku aliyechinjwa na mama, firigisi ilitolewa kwanza. Aliipika, akaiweka kwenye bakuli dogo la chuma lenye kifuniko, akalipandisha kwenye rafu. Siku ya pili paka alikula. Mume wangu, ambaye kwa heshima ya mkwe angepaswa kuandaliwa hiyo firigisi, aliletewa mapaja na kidari vikiwa vimepangwa vizuri kwenye sahani ya wageni, akala akashukuru. Tukibaki wawili alinitania, "Hawa kuku wa mama yako ni kabila gani? Hawana firigisi."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje anachambua mboga za mrenda nilipokwenda kumwambia.

"Mama, mimi na baba ya watoto tunataka kutembea Ulaya kidogo. Mwezi wa nane, shule zikifungwa. Siku tano."

"Nani ni mgonjwa?"

"Hakuna."

"Nani anaoa?"

"Hakuna, Mama. Tunaenda kuona tu. Na kula."

"Kula." Aliliweka neno hilo chini kama mtu anayeweka mzigo asioujua. "Kwani hapa mko na njaa?"

Nikamweleza habari za Wareno, habari za yule msichana wa dawati la nyuma, habari za fungate. Aliendelea kuchambua mrenda hata nilipomaliza.

"Ndugu yako alisema miezi tatu," akasema.

"Mimi si yeye."

"Yeye alienda mmoja. Nyinyi mnaenda wawili. Hiyo si kutembea, hiyo ni kuhama."

"Mama, na watoto? Nitaacha watoto wangu?"

"Watu huacha watoto. Watu huacha mama." Akainuka na beseni lake. "Mimi siwezi kukufunga miguu. Uko na kazi yako, uko na bwana yako. Lakini neno langu usingojee. Na kuku sichinji."

Asiyemjua mama angeweza kuniambia niende tu. Lakini kwetu mtu haondoki kwenda mbali bila mzazi kumtamkia safari yake. Ni neno dogo, "enda urudi," mara nyingi linasemwa mtu akiwa amegeukia jiko. Bila hilo neno ungekaa kwenye ndege, ungekula samaki wa watu, na kila tonge lingekwama kooni. Na nilijua ninachomwomba. Mtoto aliyebaki naye nilikuwa mimi peke yangu. Niliumia, nikakasirika, vyote kwa pamoja, na usiku huo nikaapa mambo mawili: nitakwenda Lisbon, na sitatoka bila neno la mama.

Nikaanza na lile la kwanza kwa sababu lilikuwa rahisi. Karibu na stendi ya Kitengela kulikuwa na saiba, chumba chenye mapazia mekundu na kompyuta zilizofungua picha polepole, kutoka juu kwenda chini, mpaka ukaona paa la jumba dakika nyingi kabla ya kuona mlango wake. Jumamosi nilikaa pale nikiujenga mji wa Lisbon vipande vipande. Niliona mto mpana ambako meli za Wareno zilitokea. Niliona mitaa inayopanda vilima na kigari cha reli cha njano kinachopandisha wazee. Nilipanga asubuhi zetu ziwe za kuona na jioni zetu ziwe za kula, na nikasoma kuhusu vyakula mpaka mwenye saiba akaniuliza kama nafungua hoteli. Kulikuwa na samaki wa chumvi aliyekaushwa, ambaye mama angemjua mara moja. Kulikuwa na dagaa wakubwa kama kiganja wanaochomwa barabarani. Halafu nikakuta chakula ambacho watu wa Lisbon hukila jioni wakipiga gumzo: firigisi za kuku kwenye mchuzi, sahani nzima, kwa yeyote mwenye njaa. Nilicheka kwa sauti pale ndani. Kuku wangapi hao, na mabakuli mangapi ya rafuni.

Kisha nikaenda ubalozini kuuliza wanachohitaji. Dada aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa na adabu. Akanieleza mambo ya picha na bima na hoteli, kisha akasema jambo kubwa ni moja, nionyeshe kwamba nitarudi. Nikamwambia niko na kazi, niko na ploti, niko na watoto. Akasema vizuri, leta karatasi zake. Nilitoka pale nikiwa na hasira, si kwake, bali kwa sababu swali lilikuwa lile lile la mama, na huyu wa kioo alikuwa tayari kuridhika na fotokopi.

Hata hivyo nilijaribu. Nilimpelekea mama hati ya ploti, nikamwonyesha jina langu. Akaitazama kwa heshima, akanirudishia. "Ndugu yako pia alikuwa na shamba ya baba yenu," akasema.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuwaambia akina mama wa kanisa. Nilifikiri watanisaidia kumtuliza. Watu wazima wanakuja, wanakunywa chai, wanaomba, mama anaona ni jambo la kawaida. Nilisahau kwamba kwetu kuna namna moja tu ya kumwombea mtu anayekwenda Ulaya, na sote tunaijua kwa moyo.

Walikuja Jumapili alasiri, sebule ikajaa. Mmoja alikuwa amebeba unga wa wimbi na kifurushi cha dagaa wa Ziwa Victoria ili nimpelekee mwanawe aliyekuwa Uswidi. Nikamwambia mimi siendi Uswidi. Akasema, "Si ni huko huko tu? Ukifika utamuulizia." Mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mume wangu akiwa amejificha nje kwa adabu. Tukaimba. Kisha mwenyekiti wa akina mama akasimama kuomba. Alikuwa na kipawa, hilo siwezi kumnyima.

"Baba, wafungulie milango," akasema. "Milango ya makaratasi, Baba! Wapate kazi nzuri. Wapate nyumba. Ile visa yao isiishe, Baba, na ikiisha, wafunike macho wenye kuitafuta! Na wakikaa huko, wasitusahau sisi tuliobaki Kitengela..."

Sauti za "amina" zilikuwa zinapanda. Nikafungua macho. Kiti cha mama kilikuwa kitupu.

"Tunarudi Jumanne!" nikasema.

Akina mama wakafungua macho mmoja mmoja.

"Tunaenda Alhamisi tunarudi Jumanne," nikasema. "Ombeni hiyo."

Wakatazamana. Kisha mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na lolote, akafumba macho tena akasema, "Na wewe Baba unajua Jumanne yako," na wote wakaitikia amina.

Niliosha vikombe jioni hiyo nikivigonganisha. Mama alikuwa amejifungia ndani kwake. Mume wangu akachukua kitambaa akaanza kukausha kimoja kimoja. Kisha akasema, "Mama haogopi Ulaya. Hajawahi hata kuiona. Anaogopa vile watu hawarudi."

Nikaacha kuosha. Alikuwa amesema kweli. Baba aliingia hospitali kwa miguu yake, hakurudi. Kaka alipanda ndege, hakurudi. Mama alikuwa amesindikiza watu wengi, na hakuwahi kukaa mlangoni akaona mtu akija kwa saa aliyosema. Nilikuwa nimemletea karatasi. Alichokosa ni mazoea.

"Basi tutarudi," nikasema.

"Kutoka wapi? Hatujaenda."

"Tutaanza na Kiserian."

Jumamosi iliyofuata nikasimama mlangoni pa mama nikiwa nimevaa vizuri. Nikamwambia tunakwenda Kiserian kutembea na kula, na tutarudi saa kumi. Akaniuliza kama kuna matanga. Nikasema hapana, tunaenda kuona. Tulitembea kwenye soko la mifugo tukijifanya wanunuzi, tukaona malori ya mawe yakishuka kutoka machimboni, tukala mbavu za mbuzi na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kwenye bucha ambayo nilikuwa nimeuliza habari zake wiki nzima. Saa kumi kasoro tulikuwa getini. Mama alikuwa anapeta maharagwe.

"Tumerudi, Mama."

"Kiserian ni hapa," akasema.

Safari ya pili ilikuwa Magadi. Tuliona ziwa likiwa jeupe upande mmoja na la waridi upande mwingine, tukala mayai na chapati kwenye joto ambalo lilimfanya mume wangu afungue kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwa nimeliona hadharani tangu tuoane. Nikasema tutarudi jua likizama, tukarudi jua likizama.

"Magadi iko Kenya," mama akasema, lakini safari hii aliniuliza mayai yalikuwa bei ya kuumiza au la, na kama ni kweli huko kuna ndege wenye miguu mirefu.

Sitasema uongo, zile safari zilianza kuninogea. Nilikuwa nazipanga vile vile nilivyokuwa naipanga Lisbon, mahali pa kuona asubuhi, mahali pa kula jioni. Mume wangu alilalamika tu kwamba Lisbon hii iko na mbuzi wengi mno.

Likizo ya mwezi wa nne tukaamua kwenda mbali, Loitokitok, siku tatu. Nikamwambia mama tunaondoka Ijumaa, tutarudi Jumapili kabla ya giza. Safari hii alitufungulia geti mwenyewe. Jumamosi asubuhi tulisimama Entarara, kati ya mashamba ya nyanya na vitunguu, tukauona Mlima Kilimanjaro mzima kabla haujajifunika mawingu. Mchana tulishuka Rombo, karibu na mpaka, tukala ndizi za kupika na nyama, mapishi ya upande wa pili. Mume wangu alinishika mkono mbele ya watu. Nikawaza kwamba hata mama akikataa kabisa, fungate nimekwisha kuipata.

Jumapili mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Gari letu dogo likazama kwenye tope nje ya Entarara, na lilipotolewa kwa nguvu za watu, kitu kikakatika chini yake. Fundi akalala chali kwenye maji, akatoka, akasema kifaa hicho hupatikana Emali, labda Jumanne. Simu zetu zilikuwa zimeshika mtandao wa Tanzania, zikagoma kabisa kumpata mama. Barabara ya kwenda Emali wakati huo haikuwa na lami, na mto mmoja mkavu ulikuwa umeamka. Mkulima mwenye shamba la karibu alitukaribisha tukalala kwake. Watu wema sana. Walitupa chai, walitupa blanketi, wakatuambia tusijali, Jumanne si mbali.

Mimi sikulala. Kichwani nilimwona mama amekaa akingoja.

Asubuhi, mto ulipopungua, lori la vitunguu likawa linawasha injini barabarani. Mume wangu akasema kwa upole, "Tungoje gari. Mama ataelewa, ni mvua."

"Ameelewa mara ngapi?" nikasema. "Mimi nilisema jana."

Akanitazama, akaangalia shati lake, kisha akanisukuma juu ya magunia halafu akapanda yeye. Tulikaa juu ya vitunguu mpaka Emali, na kutoka Emali mpaka njia panda ya Athi River, tukitupwa huku na huku, macho yakitutoka machozi ambayo hayakuwa ya huzuni. Kitengela tuliingia Jumatatu, jua likiwa juu.

Mama alikuwa amekaa nje ya geti, juu ya kigoda chake, kando ya barabara. Kuku walikuwa bado wamefungiwa, nilisikia kelele zao. Mume wangu akapita pembeni, kichwa chini, akatuacha. Mama akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. Nilikuwa nimejaa tope na nanuka kama jikoni pa harusi. Akanyosha mkono akatoa ganda la kitunguu kwenye nywele zangu.

"Gari iko wapi?"

"Imeharibikia Entarara."

"Na wewe umekuja na nini?"

"Na lori ya vitunguu."

"Hukungojea itengenezwe."

"Nilisema nitarudi, Mama. Nimechelewa, nisamehe. Lakini nilisema nitarudi."

Alilishika lile ganda la kitunguu akilizungusha kati ya vidole. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ndugu yako alikuwa na ndege," akasema. "Tiketi ya kurudi alikuwa nayo mfukoni. Hakuhitaji hata kupanda lori." Akatupa ganda. "Enda hiyo Ulaya yako."

Nilijaribu kumshika, akanisukuma. "Wacha. Unanuka. Na kuku sichinji, usifurahi. Mimi sichinjii tena mtu mwenye anaenda. Nitachinja ya kurudi."

Mwezi wa nane, asubuhi ya kuondoka, hapakuwa na basi wala nyimbo. Mwenyekiti wa akina mama alitaka, mama akamkatalia mwenyewe getini. Unga wa wimbi wa Uswidi niliuacha kwangu kabatini. Mama alisimama mlangoni pake na kuku jike mwenye madoa amembana kwapani. Akamfunga kamba ya mguu kwenye kigoda, mbele ya macho yangu.

"Huyu ndiye. Mkichelewa atakonda bure," akasema. Kisha, akiwa amekwisha kugeuka aende zake, "Endeni mrudi."

Lisbon ilikuwa vile nilivyoijenga kwenye saiba, isipokuwa ilikuwa na harufu. Tulipanda vilima mpaka magoti yakalalamika. Tulisimama kando ya ule mto, mahali meli zilipoondokea, nikawaza wake za wale mabaharia waliosimama pale pale wakitazama, na wengi wao hawakurudiwa na mtu. Katika miaka yote ya kufundisha sikuwa nimewahi kuwafikiria hao. Tulikula wale dagaa wakubwa kwa mikono, na mwenye meza ya pili akatucheka kwa sababu tulijua kuwala mpaka mifupa.

Jioni ya mwisho mume wangu aliagiza ile sahani ya firigisi. Ikaja imejaa, mchuzi mwekundu, mkate pembeni, na mhudumu akaiweka mbele yangu mimi, mwanamke, kama kitu cha kawaida. Mume wangu akaivuta upande wake. Alikula kwa bidii ambayo sikuwahi kumwona nayo, miaka yote ya mapaja na kidari ikilipwa mara moja.

"Onja," akasema. "Hapa hakuna wa kukuona."

Zilinukia vizuri sana. Nikamwambia nimeshiba. Haikuwa kweli.

Jumanne alasiri tulishuka getini na mifuko yetu. Nilitazama kwanza kigoda. Kamba ilikuwa imelala chini, tupu. Nikafikiri kuku ametoroka au ameliwa na mbwa wa jirani. Kisha nikasikia harufu kutoka nyumba ya mama.

Alikuwa amechinja asubuhi. Hakutungoja tuonekane, hakungoja simu. Aliamka, akamkamata kuku, akachemsha maji ya kumnyonyoa, na wakati huo sisi tulikuwa bado angani huko, hata Kenya hatujaiona. Nilisimama mlangoni pake na sikuweza kuingia kwa muda kidogo.

"Ingia," akasema. "Ugali inapoa. Ya bwana yako nimempelekea huko kwake."

Nikakaa. Akanawisha mikono yangu kwa jagi, akaweka ugali, akaweka mchuzi. Halafu akanyosha mkono kwenye rafu, akashusha lile bakuli dogo la chuma, akaliweka mbele yangu, akaondoa kifuniko.

"Mama, hii ni ya..."

"Najua ilikuwa ya nani. Hii ni ya mwenye amerudi. Kula."

Nikala. Ilikuwa ngumu kidogo, kuku mwenyewe alikuwa mzee, na nilitafuna huku machozi yakinishuka bila aibu yoyote. Mama hakuniambia ninyamaze. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akinitazama mpaka bakuli likawa tupu. Kisha akalichukua, akalifunika, akalisukuma pembeni.

"Sasa niambie," akasema. "Hao watu hula nini?"